Diski Kwenye Mizani ya Shosho

Juzi mjini muuzaji aliniwekea diski ya kompyuta kiganjani, ndogo kama chingamu, nami nikajikuta naipima uzito kwa mkono.

Nilikuwa mdogo Mama alipojiundia kompyuta nyumbani Uthiru. Meza ya kulia chakula ilinuka plastiki mpya. "Hii diski ndogo ni ya kuwasha mashine," alinieleza, "na hii kubwa ni ya picha zetu zote." Nilikimbia na ile kubwa hadi kibanda cha Shosho, nyanya yangu, nikaipima kwenye mizani yake ya maharagwe. Picha zilipoingia, niliiomba tena nikaipima. Kwa akili yangu, kitu kilichojaa lazima kiwe kizito, lakini mshale ulisimama palepale.

"Shosho, Mama ameuziwa feki! Hakuna picha imeingia!"

Shosho alifunga kibanda, akaja nyumbani akihema, aproni imejaa vumbi la maharagwe, tayari kugombana. Mama alichomeka diski tu. Shosho akajiona kwenye skrini, mwili wake mkubwa ukicheza harusini.

"Kumbe niko mwepesi hivi!" akapiga makofi.

Nilimlipa muuzaji huku nikicheka peke yangu. Picha ile nitaihamishia kwenye diski hii nyepesi. Shosho angefurahi kusikia amezidi kukonda.