Nilimwita mke wangu dada ili nikwepe mahubiri Kyavinyonge, nikala samaki wa posa yake

Wakuu, salamu kwenu wa Butembo, wa Beni, na nyinyi wa mbali mnaosoma nyuzi za watu kimya kimya bila hata kusalimia.

Hili jambo nimekaa nalo karibu mwaka mzima. Leo mke wangu mwenyewe amesema niliandike, na yuko hapa pembeni na cherehani yake anasoma kila mstari. Kwa hiyo mtapata ukweli mtupu, maana sina njia nyingine.

Niiteni Kambale. Naishi Vulamba hapa Butembo, nauza vipuri vya pikipiki. Mke wangu ni Kahindo, fundi wa kushona magauni ya harusi. Mabibi harusi wengi wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake.

Shikeni hilo la magauni, tutalirudia.

Wakati huo tulikuwa na miaka mitano pamoja na mtoto mmoja. Kimila nilikuwa nimemaliza. Sisi Wanande tunaoa kwa mbuzi, na mbuzi wote walifika kwa wakwe zangu, hata yule wa mjomba ambaye watu hupenda kumsahau.

Kilichobaki ni kanisa tu.

Mwaka wa kwanza nilisema tumalize paa kwanza. Mwaka wa pili nikasema barabara ya Beni si nzuri, ndugu watasafirije. Wa tatu nikasema mtoto bado mdogo, kana kwamba yeye ndiye angevaa suti. Wa nne sikumbuki, ila nina hakika ilikuwa sababu nzito sana.

Kahindo alikuwa anashona tu. Anapima kiuno cha mwenzake, anabandika ushanga, anampeleka mwenzake kanisani, anarudi kupika. Hakuwa anagomba tena. Nami, kwa akili zangu nyingi, nikadhani ameshasahau.

Basi nikaamua kumfurahisha. Nikasema twende Kyavinyonge, kwenye ziwa, tupumzike siku tatu, tule tilapia. Mtoto tukamwacha kwa mama yangu. Tukapanda pikipiki asubuhi na makoti yetu ya baridi ya Butembo, tukashuka ule mteremko wote, tukafika chini saa sita mchana tukiwa tumevaa makoti kwenye joto la kukaangia karanga.

Sehemu ya kwanza niliyoijua ilikuwa imejaa wageni wenye magari. Tukaelekezwa kwenye logement ya Mama Masika, mjane mmoja, shemasi wa kanisa la Kiprotestanti. Ukiuliza mahali pa kulala pa watu wa hali yetu, wote wanakuonyesha pale.

Wakuu, ile ilikuwa hoteli ya kifahari. Kuta za mbao, mabati juu, ndoo moja ya kuoga kwa watu wote, na chandarua chenye matundu makubwa, nadhani ili mbu wasisumbuke kutafuta mlango. Chakula unachagua mwenyewe: samaki na bugali, au bugali na samaki.

Lakini kulikuwa na vyumba viwili vinavyotazama ziwa. Nikaviona kutoka uani, nikasema moyoni, hapo ndipo petu.

Ukutani kulikuwa na karatasi imeandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa: vyumba vya mbele ni vya bibi na bwana wenye attestation, yaani cheti, ya ndoa ya kanisa. (Kwetu bibi ni mke, nyinyi wa pwani msishtuke.) Wengine wote, wanaume chumba cha kushoto, wanawake chumba cha kulia.

Mama Masika akanitazama juu ya miwani. Akamtazama Kahindo. Akaniuliza huyu ni nani yangu.

Hapa ndipo mwanamume mwenye akili angesema ukweli. Angeambiwa hana karatasi, angepewa mahubiri ya dakika kumi, angelala chumba cha kushoto, basi. Mimi nilikuwa nimechoka, nina jasho, na nilitaka kukwepa yale mahubiri.

Nikasema, "Ni dada yangu."

Kahindo hakusema neno. Nikaona amenielewa. Wakuu, mwanamke wa Kinande akinyamaza msishangilie, anaweka akiba.

Mama Masika akaleta daftari la wageni. Jina, utokako, uendako, état civil, yaani una ndoa au huna. Pale kwenye état civil nikaandika célibataire, yaani sijaoa, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikampa Kahindo kalamu. Akasoma mstari wangu, akausoma tena, akaandika jina lake, na ile sehemu ya état civil akaiacha wazi.

Majina yetu nayo yakanisaidia. Kwetu jina linaonyesha mtu amezaliwa wa ngapi: Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kahindo ni msichana anayekuja baada ya wavulana. Mama Masika akahesabu mwenyewe kwa vidole, akatabasamu, akasema huyu alikufuata mgongoni. Nikasema ndiyo, mama, mgongoni kabisa.

Chumba chetu cha kushoto kilikuwa kinatazama mahali pa kukaushia samaki kwa moshi. Nililala na wachuuzi wanne, na mmoja wao alikuwa anakoroma kwa zamu mbili.

Asubuhi kengele ililia kwa ajili ya maombi ya wageni. Mimi nikavuta shuka. Nilikuwa nimekuja kupumzika.

Kahindo alikwenda. Akaombwa kuimba, akaimba, na wale mnaomjua mnajua ile sauti. Baada ya maombi akabaki jikoni kumsaidia Mama Masika kutoa magamba ya samaki. Nikiwa nimelala fofofo, mke wangu alikuwa anaonekana.

Mama Masika akamuuliza maisha yake. Na Kahindo, hili namwapia, hakudanganya hata neno moja. Alimwambia ana mtoto mmoja wa kike. Alimwambia baba wa mtoto yuko Butembo, amemwahidi kanisa mwaka wa tano sasa. Akamwambia anashona magauni ya harusi ya watu.

Mama Masika alilia. Akajumlisha mambo yake: mwanamke ameachwa kwenye mataa, kaka yake mwema amemleta ziwani apumue. Kaka yake mwema, wakati huo, alikuwa bado anakoroma.

Sasa kulikuwa na bwana mmoja, Kasereka. Amefiwa na mke, ana watoto wawili, anapeleka samaki Butembo na Beni, na anaimba besi. Alikuwa kwenye yale maombi. Ningependa kuwaambia alikuwa mbaya wa sura, lakini msimamizi wangu hapa pembeni amekohoa.

Siku ya pili mchana nimekaa barazani, naletewa tilapia. Wakuu, tilapia ile ilikuwa imevuka sahani pande zote mbili. Imechomwa, imewekwa ndimu na pilipili, na pembeni kreti nzima ya soda. Mama Masika akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili, akasema Kasereka ananisalimia.

Simjui Kasereka. Sikuuliza. Nilidhani ni ukarimu wa watu wa ziwani, ule tunaosikia habari zake.

Kahindo alikuwa amekaa mbele yangu. Hakugusa. Nikamwambia ale, akaniambia, "Kula wewe, kaka."

Nikala. Nikala mpaka kichwa, nikanyonya macho. Nikafungua soda mbili. Halafu, kwa kuwa mama yangu alinifundisha adabu, nikamwambia Mama Masika amfikishie Kasereka kwamba samaki ni mzuri sana na alete mwingine.

Wanande wenzangu najua mmeshashika vichwa.

Kwa wengine: kwetu watu wakitaka kuoa hawaji mikono mitupu. Wanatanguliza kitu cha kubishia hodi nyumbani kwa msichana. Zamani ilikuwa kasikisi, ile pombe ya ndizi. Waprotestanti wanaleta soda. Kaka au baba akikirudisha, mambo yameisha kwa heshima. Akila, amefungua mlango. Akila na kusema aletewe kingine, huyo ameshatandika mkeka.

Hayo yote nayajua. Mwenyewe niliyapitia kwa wakwe zangu, nikisubiri nje moyo unadunda nione kama watakunywa. Ila hayakunijia kichwani hata kidogo, kwa sababu nilikuwa na mke na sikuwa na dada. Uongo wangu mwenyewe niliusahau kabla samaki hajapoa.

Siku ya tatu saa tisa alasiri wakaja. Kasereka kwenye shati jeupe. Mzee mmoja wa kanisa, msemaji wao. Mama Masika kwa kitenge kipya. Na tilapia wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, kama nilivyoagiza.

Nikawekwa kwenye kiti chenye mto. Kahindo akaitwa, akakaa kwenye mkeka, macho chini, kama msichana kabisa.

Mzee akasema maneno mazuri sana. Kwamba Kasereka hatafuti wa kuchezea, watoto wake wanahitaji mama, na yule mtoto wa Kahindo atakuwa wake. Kwamba wakishakubaliana hapa wataanza na kanisa, mwezi ujao, bila kungoja.

Mwezi ujao. Mimi miaka mitano, huyu mwezi ujao.

Nilimwangalia Kahindo, nikitumaini atacheka, aseme ni mchezo, tuombe radhi twende zetu. Hakucheka. Na nilipoangalia vizuri nikaona amevuta pindo la kitenge mpaka uzi wa mshono umekatika. Pale ndipo nilipoogopa kweli, wakuu. Hakuwa ananitania. Alikuwa anangoja kusikia.

Mzee akanigeukia. "Sasa tunauliza weye muzazi wake. Huyu dada yako, iko mutu mwenye kumufunga?"

Kahindo akasema polepole, bila kuinua macho, "Kaka yangu njo atasema."

Hata samaki nadhani alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Batu bakubwa, munisamehe. Huyu hapana dada yangu. Huyu ni bibi yangu."

Mama Masika akavua miwani. Kasereka akatazama tilapia wake, kisha akanitazama mimi, kisha tilapia tena. Mzee, taratibu kama mtu anayefungua jeraha, akauliza bibi wa namna gani, wa kanisa ama wa njiani. Nikajibu haraka kwamba mbuzi nilitoa wote, kwa ushahidi, hata wa mjomba. Nilisema kwa fahari kidogo, lazima nikiri.

Mzee akamuuliza Kahindo kama ni kweli.

Akainua uso. "Ni kweli, papa. Bambuzi ilifika. Yeye njo hayafika bado."

Nimetukanwa na madereva, nimetukanwa na wateja, lakini sijawahi kusikia neno likanikaa hivyo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mbuzi walipanda milima kwa miguu yao wakafika kwa wakwe zangu, na mimi mwenye akili bado nilikuwa njiani.

Nilidhani Kasereka atanipiga. Angenipiga ningenyamaza. Alisimama, akasogeza ile kreti katikati, akaanza kufungua soda moja moja akimpa kila mtu. Kwangu alichelewa kidogo, lakini alinipa. Akasema, "Tulikuya juu ya ndoa. Mupange ndoa basi. Mais weye, samaki yangu utalipa na tarehe."

Na nilitaja tarehe, wakuu. Pale pale, mbele ya mashahidi watatu na tilapia mmoja. Mama Masika akaiandika kwenye daftari la wageni, akafuta célibataire yangu kwa mistari miwili. Kisha akanipa yale mahubiri niliyokuwa nimeyakwepa. Hayakuwa ya dakika kumi. Yalikwisha jua likizama.

Ile tarehe sikuisogeza. Paa halijaisha mpaka leo, barabara ni ile ile. Kahindo alishona gauni lake mwenyewe na hakunionyesha mpaka siku yenyewe. Alipoingia kanisani nililia, na wale waliorekodi kwa simu nawaomba wafute. Kasereka alituletea vikapu vya samaki kwa sherehe na akaimba besi na kwaya. Hajaoa bado, na nimeapa kumtafutia, kwa sababu deni la aina ile halilali.

Mwezi uliopita tulirudi kwa Mama Masika na attestation yetu ndani ya plastiki. Akatupa chumba cha mbele. Dirisha la ziwa limepigiliwa misumari kwa sababu viboko hupanda usiku kula majani, na kitanda kina bonde katikati. Yaani mwaka mzima nilitamani bonde.

Akaleta daftari. Kwenye état civil nikaandika marié, yaani nimeoa, kwa herufi kubwa. Mama Masika akasoma, akamgeukia mke wangu.

"Kahindo, alifika?"

Kahindo akachukua kalamu, akajaza na sehemu yake, safari hii hakuacha wazi. "Alifika, mama."

Nilichojifunza ni hiki: njia ya mwongo ni fupi, na ya Kyavinyonge ni fupi zaidi. Pia uliza samaki ametoka kwa nani kabla hujanyonya macho.

Karibuni mseme. Najua humu mko wengi mliotoa mbuzi mkakaa mkao wa kushiba. Wewe uko mwaka wa ngapi sasa, na sababu yako ni paa au barabara? Na kama una dada, dada wa kweli, mtu mzuri na anapenda besi, niandikie.