Ua Mudogo, Bakiza Mukubwa

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na kila ninapomwona kijana mwerevu anacheka peke yake na simu mkononi, inanirudia. Sikusimulii ili kukutisha. Ingawa, nikisema kweli, ukiogopa kidogo sitasikitika.

Usishangae kwamba najiita mzee na meno yangu yote yapo. Katika kazi hii ya kompyuta mtu huzeeka haraka. Mimi nilianza wakati orodha za Masisi zilikuwa zinatufikia Sake zikiwa ndani ya diski, na diski ndani ya soksi ili vumbi lisiingie. Siku hizi vijana wananiuliza soksi ilikuwa ya nini. Basi, niiteni bibi, nimekubali.

Siku hiyo nilikuwa sijafika thelathini. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja pale Sake, karibu na njia panda, barabara ya Masisi inapoachana na ile ya Minova. Kazi yetu ilikuwa majina. Watu walipokimbia vita kutoka vilimani, wengine walishuka kuja ziwani, wengine wakaelekea Walikale, na huko njiani watoto wakapotezana na wazazi. Kila kijiji kilichopokea watoto hao kilikuwa na mtu mmoja mwenye kompyuta na betri ya gari, akiandika jina la mtoto, la baba, la mama, siku ya kuzaliwa na kilima alichotoka. Yote yaliingia mahali pamoja, tukapaita base kama Wafaransa. Mzazi akifika mezani kwangu, nilikuwa natafuta humo.

Waandishi hao wengi walikuwa walimu na wauguzi waliofundishwa kompyuta siku nne tu. Kwa hiyo tukafungua kundi kwenye simu, ili aliyekwama aulize na anayejua ajibu. Na tulijibu kweli, hata siku za mapumziko, hata tukiwa tumesimama sokoni na mafurushi. Lakini tulikuwa watani wakubwa. Mtu akiandika kwamba kompyuta yake imegoma, wa kwanza anamwuliza kama imeshakula. Wa pili anamwambia aiombe msamaha. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye jibu, anamwambia aangalie kama waya umeingia vizuri. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na sitaki uniambie kwamba kucheka kulikuwa kosa. Majina tuliyoandika kutwa nzima yalikuwa mazito, na bila utani tusingefika mwisho wa juma.

Tulikuwa na neno letu. Jina la mtoto likiingizwa mara mbili kwa bahati mbaya, tuliliita mapasa. Wewe ni wa huku, unajua mapasa ni nini: pacha, watoto wawili wa mimba moja. Sisi kila tulipoona mistari miwili inayofanana tulisema base imezaa mapasa. Dawa yake pia ilikuwa na maneno yake, niliyoyatunga mimi mwenyewe na kujivunia kuliko shahada yangu: "Ua mudogo, bakiza mukubwa." Maana yake ilikuwa futa mstari ulioingia mwisho, acha ule wa kwanza. Mtu akiuliza tu, simu kumi zinamjibu hivyo kwa pamoja, na nyuso za kucheka zinafuata.

Asubuhi ya Jumanne ukaingia ujumbe kutoka Mpofi, kule Walikale. Aliyeuandika ni Mwalimu Safari, mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa na wiki mbili tu katika kundi letu.

"Niko na mapasa ku liste. Baba moja, mama moja, siku ya kuzaliwa moja. Machine inakatala, inasema ule mutoto ameisha kuingia. Nifanye namna gani?"

Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa na chai mkono mmoja. Nikamwandikia, "Mwalimu, ua mudogo, bakiza mukubwa." Nyuso za kucheka zikamwagika kutoka Shasha mpaka Masisi.

Akauliza tena, "Kweli, dada? Nifute moja?"

Nami, kwa kuwa watazamaji walikuwa wengi na nilitaka wacheke zaidi, nikaandika, "Fanya mbio, mwalimu, mbele hajakimbia!"

Akajibu, "Sawa. Aksanti." Hakuweka uso wa kucheka. Hilo nililiona, mwanangu. Nililiona nikalipita, nikamaliza chai yangu.

Alasiri orodha ya Mpofi ikafika. Kesho yake mapema gari lilikuwa linapanda kuwachukua watoto wa huko, kuwateremsha Sake ambako wazazi wengi walikuwa wamefikia. Dereva alikuwa anapewa karatasi ya majina, na asiyeandikwa humo hapandi, kwa sababu watu wabaya hawakosekani na mtoto si mzigo wa kumkabidhi yeyote. Karatasi hiyo niliichapa mimi. Nikampa dereva, nikamtakia safari njema.

Alhamisi asubuhi akaingia mwanamke mmoja, mkulima wa maharage na mihogo kutoka vilima vya Masisi. Alikuwa amefikia kwa dada yake Shasha, na kila wiki alikuja Sake kuulizia wanawe. Siku zote nilizokuwa nazunguka vijijini alikuwa anapokelewa na Papa Bahati, mzee wa meza ya pili, ndiyo maana mimi na yeye hatukuwa tunajuana. Nikamkaribisha, nikamwuliza jina lake.

"Banaitaka mie Mama Mapasa," akasema.

Akanitajia watoto: Furaha na Faraja, wasichana, miaka saba. Nikaandika Furaha. Akatokea mara moja, jina la baba ndilo, la mama ndilo, kilima ndicho, yuko Mpofi. Mama huyo alipiga kelele, akainua mikono juu, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wa barabarani wakachungulia.

Kisha akatulia. "Na Faraja?"

Nikaandika Faraja. Hakuna. Nikaandika kwa herufi nyingine, nikatafuta kwa jina la baba, nikatafuta kwa siku ya kuzaliwa. Mstari ulikuwa mmoja tu.

"Tafuta tena, dada."

"Natafuta, mama."

Alikaa chini, sakafuni, ingawa kiti kilikuwapo. Akasema polepole, "Hawa hawaachanake. Hata kwenda kuteka maji hawaachanake. Kama Furaha iko yeye peke yake, basi Faraja alikufa."

Mwanangu, hapo ndipo niliposoma upya ujumbe wa Jumanne. Baba moja, mama moja, siku ya kuzaliwa moja. Mwalimu hakuwa anazungumzia mistari. Alikuwa na watoto wawili wamesimama mbele yake, mashine ikamwambia ni mtoto mmoja tu, naye akauliza wajuzi, na mjuzi akamwambia afute mdogo. Kwetu Sake hakukuwa na alama yoyote iliyobaki, kwa kuwa alifuta kabla ya kutuma. Na gari lilikuwa limekwisha kwenda na jina moja. Faraja, kama bado alikuwa hai, angebaki kando ya barabara akiangalia pacha wake anaondolewa, na hakuna mahali popote duniani ambapo jina lake lingekuwa limeandikwa.

Nilipiga simu Mpofi. Haikupatikana. Nikampigia dereva, naye hivyo hivyo. Nikatoka mbio mpaka penye mwinuko ambapo mtandao unashika vizuri, nikapiga mara kumi na kitu, nikarudi nikiwa natweta. Papa Bahati alinitazama, akanivuta nyuma ya mlango. Nikamweleza yote kwa kunong'ona.

Akaniambia, "Ende umwambie."

"Papa, sijajua kama mutoto anaishi. Nikimupa matumaini ya bure?"

"Sikusema umwambie kile hauyui. Umwambie kile ulifanya. Pale iko analilia mutoto juu ya mutshezo yako, na wewe unakamata mulango."

Mutshezo ndio mchezo, mwanangu. Nimewahi kukemewa na wakubwa wenye sauti kubwa, lakini ile sauti ya chini ya Papa Bahati ndiyo iliyonitoa nyuma ya mlango.

Nikaenda nikapiga magoti pale sakafuni. Nikamwambia kwamba mwalimu wa Mpofi huenda aliwaona wote wawili, kwamba jina moja lilifutwa, na aliyeagiza lifutwe ni mimi.

"Ulimufuta?" akauliza. "Juu ya nini?"

"Nilikuwa nacheka, mama."

Alinikazia macho kama mtu anayejitahidi kuelewa lugha ya kigeni. "Ulikuwa unacheka na nani?"

Wale waliocheka nami hata sura zao wengine nilikuwa sizijui, na yule niliyekuwa namjibu hakucheka.

Hakurudi Shasha. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi Alhamisi hiyo yote, na Ijumaa vilevile. Nilimletea chakula, hakukigusa. Kila simu ilipolia aliinua kichwa, nami nikaikimbilia, kisha inakuwa mtu anaulizia jambo jingine. Kazi haikufanyika. Nilikuwa naandika jina moja, nalihakiki mara tatu, na bado siliamini. Katika kundi mtu aliuliza kuhusu mapasa, wenzangu wakaanza, ua mudogo, ua mudogo, nikatamani kuitupa simu ziwani. Nikaandika tu, "Ngojeni. Ni batoto ao ni majina?" Wakadhani natania.

Jumamosi karibu na saa sita gari likarudi, limejaa matope mpaka madirishani. Mama Mapasa alikuwa wa kwanza kusimama. Watoto wakateremka mmoja mmoja, tisa, na mama huyo akamtazama usoni kila aliyeteremka. Furaha hakuwemo. Faraja hakuwemo.

Mama huyo akachungulia ndani ya gari.

Dereva akanipa karatasi yangu, ameikasirikia. "Huyu namba ine, Furaha, alikatala kupanda. Alikamata mutoto mwenzake mu shingo, analia, anasema bila mwenzake haende. Ule mwenzake haiko ku liste, sikuweza kumubeba. Tuliwavuta, tukashindwa. Niliwaacha bote mbili kwa mwalimu."

Mama Mapasa alimshika dereva mkono. "Rudilia. Ulisema bote ngapi?"

"Mbili, mama. Inafanana sawa mutoto moja."

Alilia hapo kama ambavyo hakulia siku tatu zote. Alicheka pia, vyote pamoja, akapiga makofi, akamkumbatia dereva na matope yake. Mimi nilisimama pembeni nikilia kwa aibu. Mtoto wa miaka saba alikuwa amesahihisha kazi yangu kwa kukataa tu kuachia shingo ya dada yake.

Sitakuficha kilichofuata. Siku mbili baadaye mvua ikakata barabara, na ikapita zaidi ya miezi miwili kabla gari halijapanda tena. Mama huyo aliendelea kuja kila wiki, na nilipomrudisha Faraja kwenye base na kumsomea kwenye skrini Furaha, kisha Faraja, mistari miwili, aliniomba nimsomee tena. Mwalimu Safari aliniomba radhi! Yeye, mtu wa umri wa baba yangu, aliniandikia, "Unisamehe dada, nilifikiri ndio sheria ya machine, mumoja anasimamia bote." Ujumbe huo ulinichoma kuliko lawama yoyote.

Wasichana walipofika hatimaye, wameshikana mikono, mama yao alinijia. Hakunisuta wala hakunikumbatia. Alisema, "Dada, cheka tu. Lakini ukicheka, sema unacheka."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hiyo, nami naiongeza kidogo tu. Usiache utani, kazi yetu bila utani ni kaburi. Ila mtu akikuuliza, mpe kwanza jibu la kweli, lote, kwa maneno ambayo mgeni anayaelewa, kisha ndipo utanie. Ukiona neno lenye maana mbili, uliza ni ipi. Swali hilo halikuchukulii hata muda wa kumeza mate. Na katika nyuso zote zinazokuchekea kwenye simu, mtafute yule aliyesema sawa bila kucheka. Huyo ndiye anayeshika kazi yako mkononi, na amekwishaanza kuifanya. Mrudie haraka, hata ukionekana mjinga mbele ya wote. Ukikosea, na utakosea, nenda kwa aliyeumia ukamwambie ulichofanya kabla hujajua kama kitarekebika.

Mungu wa baba zako akubariki, mwanangu. Akutie akili tulivu na mkono usio na haraka, na kila jina litakalopita chini ya vidole vyako likafike nyumbani kwao, pamoja na mwenzake.