Boliti za Lori la Kwenda Fukayosi

Hakuna fundi aliyezijua boliti kuukuu kama mume wangu, Msabaha, na hakuna mume aliyejua kuudhi kama yeye.

Mwaka wa sitini na nane, ndoa yetu bado mpya, alichelewa gereji, akarudi akakuta mchuzi umepoa. Basi akaumwaga uani, mbele ya wageni! Mchuzi wangu wa papa, tui zito! Nami si mtu wa kulia kimyakimya. Asubuhi nikafunga furushi, nikasema narudi kwetu Fukayosi, nisimtie machoni tena.

Lo! Lori pekee la kwenda huko siku hiyo lilikuwa la dereva mmoja, Hija, na lilikuwa gereji kwa nani? Kwa Msabaha huyo huyo. Bomba la moshi lilitoboka, lazima litolewe, na boliti zinazolishika kwenye injini zilikuwa zimeliwa na kutu, maana lori lile lilibeba chumvi miaka nenda miaka rudi. Ikikatika moja, kipande kinabaki ndani ya injini, na lori haliendi popote. Nikaketi juu ya furushi langu mlangoni, uso nimeukunja.

Jirani yetu Ashatu, muuza maandazi, akapaza sauti: "Fundi, vunja moja tu, mke abaki!" Gereji nzima ikaangua kicheko.

Msabaha hakucheka. "Siharibu gari la mtu kwa shida zangu," akasema.

Akazisugua kutu, akazinywesha dizeli, akazipasha moto, akazigusisha nta ya nyuki ikayeyuka ikapenya. Ndipo akashika spana. Kwanza anakaza kidogo, kisha analegeza. Ikilia, anairudisha, anaongeza mafuta, anangoja. "Taratibu, mama, taratibu," akaiambia. Mama! Mimi hajaniita hivyo hata siku moja. Hasira zikanipanda upya: kumbe subira anayo, ila mie hanigawii!

Ikabaki ya mwisho, ya nyuma kabisa, mbaya kuliko zote. Siwafichi, niliomba ivunjike. Nilikuwa nampenda, nifanyeje? Spana ikalia, kriii. Akaacha. Akafuta jasho, akanitazama, akaipasha tena. Ikatoka nzima.

Bomba likazibwa, likarudishwa, lori likawaka. "Haya, shemeji, panda," akasema Hija. Nikapanda juu ya magunia. Mara Msabaha naye huyoo, anaparamia na mikono yake ya grisi.

"Wewe wapi?"

"Kwa mkwe."

Lori likatufikisha Fukayosi. Huko alimpa baba yangu shikamoo, na kabla ya kukaa mkekani akasema, majirani wote wanasikia: "Nilimwaga chakula cha mwanao mbele ya watu, baba. Nimekuja kumwomba radhi mbele ya watu."

Baba akanigeukia. "Mwanabaraka, unarudi naye?"

Moyoni nilikwishamsamehe tangu ile boliti ya mwisho. Lakini mchuzi wangu, jamani!

"Angoje kwanza," nikajibu. "Subira anayo, nimeiona mwenyewe."