CD Niliyotundika Kwa Mtama

Kijana wangu alirudi nyumbani Ruiri amekonda mpaka shati ndiyo ilikuwa inamvaa yeye. Hiyo ni miaka ya tisini ikielekea kuisha. Alikuwa mtu mzima, alikuwa na chumba yake huko Kangeta, watu wa miraa wakimaliza soko wanaingia kucheza gemu kwa tivii. Sasa chumba imefungwa, na yeye ameletwa na pikapu, amelala nyuma kando ya tivii yake, amekumbatia mashine ya gemu kwa kifua.

Nikamwambia, "Watu huleta bibi nyumbani, wewe umeniletea redio haina sauti?"

Akacheka, halafu akakohoa sana mpaka nikajuta kumchekesha.

Ugonjwa wake watu hawakuwa wanautaja wakati huo. Mchungaji alikuja, akasema na ile sauti yake ya kutoka tumboni, "Mamaaa, tuooombe." Akaombea hapo mlangoni. Ndani hakuingia, na chai yangu hakukunywa.

Kitu alikuwa anataka ni moja tu. Kulikuwa na gemu, mtu na upanga anatafuta watu wa kijiji yake, walichukuliwa wote. Kijana wangu aliicheza Kangeta miaka mbili na hajawahi kuona mwisho, kwa sababu CD ilikuwa imekwaruzwa na vidole za watu wengi. Ikifika kwa mlango fulani ya chuma, picha inasimama. Unazima, unawasha, inasimama hapo hapo.

"Mama, nataka tu nione kama aliwapata," akaniambia.

Mimi nikamwambia, "Aliwapata, wako jikoni wanakula githeri."

"Mama, wacha."

Msichana wangu alikuwa anapiga taipu ofisini Meru mjini, anakaa Kaaga. Akapata mwalimu jirani yake ana hiyo gemu, CD safi haina hata alama. Lakini huyo mwalimu alikuwa anahama, anaenda mbali kabisa, siku mbili tu zimebaki. Akamkopesha asubuhi, akamwambia airudishe jioni. Msichana akakimbia nayo kwa jamaa mmoja mjini mwenye kompyuta ya kutoa kopi.

Huyo jamaa anaongea kwa pua kama mtu amefinywa. Msichana alinisimulia, na baadaye nikamsikia mwenyewe. "Siiistaaa, mimi sitoi kopi ya kukimbizwa. Ikikosa kitu kidogo kama chembe ya chumvi, hiyo si kopi, ni uongo." Akatoa moja, akailinganisha na ya mwalimu kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaivunja. Akatoa ya pili, akaivunja. Ya tatu ndiyo akasema, "Sasa hii ni ile ile."

Jumamosi msichana akaileta kwa bahasha. Kijana wangu akaiweka kwa mashine, akafika kwa mlango ya chuma, mlango ikafunguka. Alipiga kelele jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Alicheza siku tatu. Ya nne, kabla hajafika mwisho, akashikwa na homa, tukampeleka hospitali, wakamlaza wiki mbili.

Nikirudi nyumbani kumpikia, ndege nao walikuwa wameingia kwa mtama yangu. Mtu wa huku hajui kulala ndege wakiwa kwa mtama. Wengine walifunga tepu za kaseti, upepo ikipiga zinalia vuuu. Wengine mikebe. Mimi nikakumbuka zile CD. Zilikuwa mbili kwa meza. Moja ina picha nzuri juu, na chini ni nyeusi kama sufuria. Ingine haina picha, haina maandishi, inang'aa kama kioo. Mimi sijaenda shule hata siku moja. Kile najua, unga ya maana huwa na picha kwa pakiti, dawa ya maana huwa na picha. Nikasema hii haina kitu ni tupu. Nikapitisha uzi kwa shimo, nikaitundika kwa mti katikati ya shamba. Ikazunguka, ikamulika, ndege wakahama. Nilifurahi mimi!

Aliporudi akaangalia kwa meza. "Mama, ile ingine iko wapi?"

Vile aliuliza, nikajua ni ile ya shamba. Nikaenda mbio shambani, nikaitoa, nikaiosha na sabuni ya kipande, nikaipanguza na leso. Mashine ikaishika ikafanya krrr, krrr, ikanyamaza. Tukajaribu siku nzima.

Msichana akamleta yule jamaa wa pua. Akaipindua, akaiangalia kwa dirisha. "Shosho, hizi za kopi zimeandikwa kwa rangi. Jua imekula rangi. Hakuna kitu hapa."

Msichana akamuuliza, "Si ulibaki nayo kwa kompyuta?"

"Nilifuta. Ilijaa kazi za watu."

Mwalimu naye alishaenda, na alikoenda hakuna mtu alijua.

Msichana akageuka, macho mekundu. "Nani aliweka hii kitu kwa jua?"

Nilifungua mdomo. Mimi naweza kuongea kama mchungaji, kama chifu, kama mbuzi ya jirani, lakini sauti yangu haikutoka.

Kijana wangu akasema kutoka kitandani, "Ni mimi nilimwambia atundike. Nilidhani ni ile mbovu."

"Wewe! Nimepiga magoti kwa mwalimu! Nimedanganya ofisini nikakosa kazi siku nzima! Basi kaa na mlango yako ya chuma!" Akachukua mkoba yake akaenda. Hata kwaheri hakusema.

Kijana akaniangalia. Nikataka kusema kitu, akatikisa kichwa. "Wacha, mama. Wewe ndiye utabaki na yeye."

Alikufa Jumatano, kabla msichana hajarudi.

Siku ya kuzika msichana alijitupa kwa udongo akilia, "Nilimgombeza juu ya CD! Nilimgombeza juu ya CD!" Wanawake wakamshika. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Nikamfunga leso kichwani vizuri, nikamwambia anyamaze.