Hatua Elfu na Arobaini za Bassou

Kabla hujatua Imdras, mpigie simu Bassou. Hilo lilikuwa sharti la kwanza katika kijitabu chetu cha marubani, na aliyeliandika ni mimi, Lahbib, katibu wa klabu ya ndege ndogo, mtu mwenye mwandiko mzuri na roho mbaya. Usicheke. Ukifika mwisho utanipa jina baya kuliko hilo, na nitalipokea.

Imdras si uwanja wa kutambia. Ni kipande cha changarawe chini ya milima ya Atlasi, huku mashamba ya lozi, kule korongo, pembeni mawe yaliyopakwa chokaa, na mfuko wa kuonyeshea upepo uliotoboka ambao klabu imeahidi kuubadilisha tangu enzi na enzi. Bassou aliulinda uwanja huo miaka ishirini na sita. Mfupi, miguu ya matege, kilemba cha njano ambacho sikuwahi kukiona kikiwa safi. Kila asubuhi kabla jua halijawa kali aliitembea njia ya kurukia ndege toka mwisho hadi mwisho, akiokota mawe, akifukia mashimo ya panya, na akihesabu hatua. Wakati mmoja mhandisi wa klabu alimpima kwa utepe. Hatua kumi za Bassou, mita saba. Akampima tena, mita saba. Mara ya tano mhandisi akautupa utepe chini. "Huyu si mtu, huyu ni rula!" Tangu siku hiyo hatukupeleka utepe Imdras. Hatua elfu moja na mia mbili za Bassou, yaani mita mia nane na arobaini, ndizo zilizochapwa.

Hakujua kusoma wala kuandika. Yote yalikuwa kichwani, na kila tulipotaka kuchapa kijitabu kipya nilikwenda kukaa naye kwenye kibanda chake cha uwanjani, yeye aseme, mimi niandike.

"Andika, katibu. Baada ya saa tano asubuhi upepo unatoka mashariki, tena mkorofi. Atakayekuja saa saba asimlete mke wake, atatapikiwa mapajani."

"Siwezi kuandika hivyo, ami."

"Basi andika kwa adabu zako, ila asimlete. Andika tena. Jumanne kondoo wa ukoo wa Ait Hammou wanakatiza njia kwenda mnadani. Usiwapigie honi."

"Ndege haina honi, ami Bassou."

"Si ndiyo maana nakwambia!"

Na mengine mengi. Kwamba ule mduara mweupe upande wa magharibi si mwanzo wa njia, ni sakafu ya kupuria shayiri, na rubani mmoja aliyetua hapo kwa kujiamini wanawake walimfukuza kwa uma za kupuria hadi akaiacha ndege yake. Kwamba mafuta yanaletwa kwa madumu kutoka mjini, uagize siku moja kabla, na usikubali yamiminwe bila kuchujwa kwa kitambaa mbele ya macho yako. Kwamba ndege inafungwa kwenye pete za chuma, si kwenye milozi ya watu. Kwamba anayekataa mkate wa Bi Itto, mke wa Bassou, atangoja mafuta mpaka achoke. Marubani wa Kasablanka walikisoma kijitabu chetu wakicheka, lakini walikifuata, kwa sababu Bassou hakuwa amekosea hata mara moja.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa tatu, mvua ilinyesha siku nne mfululizo na korongo likaumega mwisho wa mashariki wa njia yetu. Ijumaa Bassou akanipigia simu. Nilikuwa kwa mama, kuskusi mezani, mdomo umejaa.

"Katibu, korongo limekula njia. Nimehesabu mara tatu. Elfu moja na arobaini. Mawe ya chokaa nimeyarudisha nyuma. Umesikia?"

"Mmh."

"Meza kwanza, mwanangu, halafu uniambie umesikia nini."

Nikameza. "Elfu moja na arobaini, ami." Nikaandika nyuma ya bahasha ya duka la dawa, na nikarudi kwenye sahani yangu.

Kijitabu kilikuwa tayari kwa mchapaji. Jumamosi nikaenda, bahasha mfukoni. Mchapaji akanuna, akasema kubadilisha ukurasa ule ni kupanga upya kazi nzima, na sisi tutasubiri hadi wiki ijayo. Jumapili ilikuwa siku ya mkutano wa mwaka, na mwenyekiti alishanitumia ujumbe mara mbili akivitaka vijitabu vyake. Nikajiambia, wewe Lahbib, chapa tu, namba hiyo utaisahihisha kwa kalamu. Nakala mia mbili. Unajua nilisahihisha ngapi? Hata moja. Jumapili watu walikula, wakasifia jalada, nami nikasimama pale nikipokea sifa kama bwana harusi.

Wiki ya tatu baada ya mkutano akanipigia Daktari Benhayoun, daktari wa meno wa Kasablanka, mtu mcheshi, rubani wa siku za mapumziko. Akasema anataka kwenda Imdras, amempigia Bassou hapatikani. Bassou alikuwa msibani kijiji cha juu, ambako simu haishiki. Nilikuwa na haraka, sijui hata haraka ya nini. Nikamwambia, "Nenda tu, daktari. Kila kitu kimo kwenye kijitabu." Wallahi nilisema hivyo, na ile bahasha ilikuwa bado ndani ya koti langu.

Daktari akatua kama mtu mwenye mita mia nane na arobaini mbele yake, mawe ya chokaa asiyajali. Mita mia moja na kumi na mbili za mwisho hazikuwepo. Ndege ikaingia korongoni kwa pua, na yeye akavunjika mtulinga na meno mawili ya mbele. Hakufa, alhamdulillahi. Klabuni watu wakafanya mzaha kuwa daktari wa meno amejitafutia kazi. Nilicheka nao.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti akanyanyua kijitabu, akauliza nani alisema mia nane na arobaini. Bassou alikuwa ameitwa, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, kilemba mapajani. Akajibu bila wasiwasi.

"Mimi nilimpa katibu elfu na arobaini. Ijumaa, saa ya chakula. Alikuwa anatafuna, nikamwambia ameze kwanza."

Watu wakacheka. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Ningesema pale pale ningepoteza nini? Ukatibu, basi. Labda na bima ingenisumbua. Lakini woga ni kitu kichafu sana, unakuja na maneno yake yamekwisha kupangwa. Nikasema, "Hapana, ami. Ulisema elfu moja na mia mbili, nami niliandika ulivyosema." Na kana kwamba hiyo haikutosha, nikamlegezea sauti kama mtu mwenye huruma. "Kwa umri wako, ami, si aibu."

Bassou aliniangalia. Nilidhani atanitukana. Alikuwa anajaribu kukumbuka. Nilimwona kabisa, midomo inacheza, anairudia ile simu neno kwa neno. Mwenyekiti akasema mzee ametumika vya kutosha, apumzike. Wakamwomba ufunguo wa kibanda, akautoa.

Tangu hapo nikawa mtu wa kwenda Imdras kila mwezi. Nafsi ilinisuta, nami nikaifunga mdomo kwa sukari. Nilinunua sukari ya pia, lile donge lenye ncha ndani ya karatasi ya buluu, ambalo kwetu huendi nyumba ya mtu unayemheshimu bila kulibeba, na mafuta, na dawa ya goti la Bassou. Bi Itto alinipokea kama mwanawe. "Wale wengine wote wametusahau," alikuwa akisema. "Wewe peke yako ndiye mwenye utu." Nami nakunywa chai yake! Inapita kooni, nakunywa tena.

Siku moja, Bassou akiwa nje, Bi Itto alishusha sauti. "Mwezi mzima wa mwanzo alinisumbua, mwanangu. Asubuhi elfu na arobaini, jioni elfu na arobaini. Itto, nilisema sawa. Itto, sijakosea. Chakula hali, anakonda. Nikamshika mikono nikamwambia, Bassou, kubali. Katibu kasoma, ameandika, kwa nini akusingizie? Umezeeka tu, na mimi nimezeeka. Basi akakubali, akaanza kula."

Nilimwambia alifanya vizuri. Ndiyo, nilimwambia hivyo, kwa mdomo huu huu.

Na Bassou kukubali kwake hakukuwa kwa mchezo. Hakwenda tena mnadani peke yake. Akihesabu mbuzi wake, Bi Itto anahesabu nyuma yake. Akisema jambo anageuka kumtazama mkewe, kama anaomba ruhusa ya kuliamini. Mtu aliyekuwa akipita katikati ya kijiji huku watu wanasawazisha saa zao kwa kumwona! Mimi ndiye niliyemfanya hivyo, si uzee.

Mwezi uliopita nilikuwepo, asubuhi, tumekaa ukumbini na mkate wa moto na siagi. Wakaja wanaume watatu wa kijiji. Mwaka huu theluji imekuwa kidogo mlimani, na mfereji unaonyesha mchanga. Kila mwaka kijiji humteua mtu mmoja wa kugawa zamu za maji, shamba hili saa ngapi, lile saa ngapi. Bassou aliifanya kazi hiyo zamani, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Mkubwa wao, Zaid, alizunguka weee, goti linaendeleaje, mbuzi wanaendeleaje, mwisho akasema, "Ami Bassou, mwaka huu maji ni machache na watu wana hasira. Mwaka jana tulimpa Ouhsain, majembe yakainuliwa. Tunakutaka wewe."

Bassou akacheka kicheko kikavu. "Mnamtaka rula aliyepinda?"

"Ami, hayo ni ya ndege. Sisi hatuna ndege."

"Zaid, nisikilize. Mimi kichwa changu kinahesabu kitu kimoja, ulimi wangu unasema kingine. Na sijijui. Hilo ndilo baya, sijijui. Nilimvunja mtu mifupa nikiwa na uhakika kabisa. Nikikosea maji yenu, mtauana. Nendeni kwa mwingine." Akageuza uso ukutani ili wasimwone, lakini mimi nilikuwa upande wa ukuta huo, nikamwona.

Wakasimama, wakaaga, wakavaa viatu, wakaondoka. Bassou akachukua glasi yake, chai ikamwagika mkekani.

Nikasema, "Ami, ulisema elfu na arobaini."

Akaniangalia.

"Ulisema elfu na arobaini. Nilikusikia, nikakurudishia mwenyewe, nikaandika. Nilishindwa kumsubiri mchapaji abadilishe. Kamatini nilisema uongo. Hujakosea, ami. Hujakosea siku ile wala siku nyingine."

Bassou akaiweka glasi chini, polepole. "Rudia."

Nikarudia. Bi Itto alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mkate wa pili, sijui tangu saa ngapi.

"Mwambie na yeye," Bassou akasema.

Nikamwambia na yeye. Mara ya tatu maneno yalikuwa mafupi zaidi, na mabaya zaidi. Nikainamisha kichwa nikingoja. Nilitaka wanitukane. Wallahi nilitaka Bi Itto anivurumishie ile sahani, anitoe kwa laana nyumba nzima ya jirani isikie, ili na mimi nipate kitu cha kubeba. Nikaongeza kuwa nitaiandikia kamati, kwamba nitamfuata Zaid njiani sasa hivi. Kamati nimeiandikia, wamenijibu kuwa suala hilo limefungwa na nisilifufue. Zaid nilimkuta mferejini, akanitemea mate miguuni, na nikamshukuru. Lakini pale ukumbini walikuwa wanatazamana wao wawili. Hawakuwa wananitazama mimi.

"Nilikwambia, Itto," Bassou akasema.

"Uliniambia."

"Mwezi mzima nilikwambia."

"Uliniambia, Bassou. Na mimi nikakubembeleza ukubali."

Bi Itto akakaa chini pale pale mlangoni, mkate mapajani. Ilibidi nimruke ili nitoke, na hakusogeza hata mguu. Nikawa navaa viatu nje, kidole hakiingii, na nikawa nawasikia.

"Na ufunguo wa ghala," Bi Itto akasema, "uliposema umeuweka juu ya dirisha, ulikuwa umeuweka?"

"Niliuweka."

"Na mbuzi, ile siku ya upepo. Ulisema kumi na saba, mimi nikasema kumi na nane, tukakesha mlimani tunatafuta."

"Walikuwa kumi na saba, Itto."