Bomba Nililolikalia

"Mama, inuka juu ya bomba langu."

"Siinuki. Tangu alfajiri nilikuwa natafuta kiti, nimekipata."

"Hicho si kiti. Hilo ni bomba la kupulizia dawa, na limejaa."

"Basi mimi ndiye kizibo chake."

Mwanangu wa kiume alitazama mabati ya banda letu la maua kama anayeomba msaada huko juu. Mtaa mzima unamwita Injinia, kwa sababu aliwahi kujenga banda ambalo kuku waligoma kuingia, wakalala nje mpaka mmoja wao akaanza kubweka. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa glovu za mpira na kitambaa puani, tayari kwa vita. Dada yake mdogo, ambaye sote tunamwita Msusi, alikuwa amesimama katikati ya mlango, kiwiko huku, kiwiko kule, hapiti mtu kwenda shambani.

"Hata tone, kaka," alisema. "Hata la kuonjesha."

"We mdogo wangu una kichwa kigumu! Mpambaji anakuja leo. Akiinua ua akute vidukari wamebanana kwenye shina kama watu wa foleni ya maji, atasema nini?"

"Atasema tunaishi wengi," nikadakia.

Hawakucheka. Nikacheka mwenyewe, nisiuache mzaha yatima.

Vidukari, kwa usiyewajua, ni wadudu wa kijani, wadogo kama punje za ufuta, wanaofyonza shina la ua mpaka linalegea. Walikuwa wameingia tuta la mwisho wiki ile ile ambayo hatukuwa na nafasi ya kupokea wageni. Maana Mpambaji, yule mama anayepamba kumbi za harusi, alikuwa amechukua maua yetu ndani ya kopo kuukuu la rangi, ndoo tuliyookota kwa mafundi, akayajaribu ukumbini kwake. Alituaga kwa maneno ambayo binti yangu aliyarudia hata akiwa na mswaki mdomoni: "Yakinishinda, nitakurudishia ndoo yako hii ya rangi. Yakinipendeza, nitakuja na ndoo zangu." Na huku mwenye saluni ambako binti yangu alikuwa akifanya kazi zamani naye akamtumia ujumbe: kiti chako nakishikilia mpaka Jumatatu. Kwa hiyo ilikuwa ndoo za Mpambaji, au kiti cha saluni.

Kiti chenyewe nakijua. Binti yangu alisuka na kulainisha nywele za watu tangu akiwa msichana. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Ulikuwa ukifumba macho kupiga chafya, ukifumbua umeshasukwa na kioo umeshapewa. Lakini dawa za nywele zilimla mikono. Ngozi ilipasuka, ikawa inabanduka kama maganda ya kitunguu. Siku moja alirudi hawezi kushika kijiko, nikamlisha uji kama mtoto mchanga, mtu mzima na heshima zake. Katikati ya uji akatazama kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yangu, penye magugu na sofa bovu, akasema, "Mama, nipe pale nipande maua ya kukata na kuuza."

"Yanaliwa?" nikamuuliza.

"Hayaliwi."

"Afadhali. Wewe hujui kupika."

Nikampa.

Alijiwekea sharti moja: dawa yoyote inayomtaka mtu avae glovu haitatia mguu humo. Mbolea aliitengeneza mwenyewe, kwa majani makavu, maganda ya jikoni, samadi ya jirani, na nywele kutoka kwa kinyozi, magunia kwa magunia, kwani nywele zikioza zinashibisha udongo. Majirani walipoyaona magunia yale wakaanza kupita njia nyingine. Mimi sikuwatuliza. Niliwaambia ua la kwanza limechomoza na ndevu, na kwamba nimelinyoa kwa wembe wa marehemu mume wangu. Toka hapo hatujaibiwa hata jani.

Mwaka wa kwanza alikosea. Alipanda zinia, yale maua ya mviringo yenye rangi za kupiga kelele, akayakata mara tu yalipofunguka. Kufika mchana yote yalikuwa yameinamisha vichwa ndani ya ndoo kama wanafunzi waliokamatwa na mwalimu. Alilia kidogo, akapenga kamasi, akarudi shambani. Ndipo akajua kulishika shina chini kidogo ya ua na kulitikisa. Likichezacheza, halijakomaa, liache. Likisimama kama msumari, kata.

"Ni sawa na kukagua msuko, Mama," aliniambia. "Ukiulegeza hapa, utafumuka njiani."

Mwaka wa pili akafanya jambo lililotaka kututoa roho. Alipita mche kwa mche akakata kitumba cha juu, kile cha kwanza kabisa, kabla hakijachanua. Injinia alitokea akapiga yowe: "Umeyachinja!" Akakaa juu ya jiwe, mikono kichwani, kama amefiwa. Mimi mwenyewe nilimeza mate. Lakini kila mche uliokatwa kichwa ukatoa matawi ubavuni, na kila tawi likaja na ua lake, mashina marefu mpaka ndege wakawa wanapiga hodi kabla ya kupita. Injinia naye akaanza kuwaambia watu kwamba lile lilikuwa wazo lake.

Kwa hiyo nilijua vizuri nilichokuwa nimekikalia.

"Mara moja tu," Injinia alisema, na sauti sasa ilikuwa imeshuka. "Mara moja, mdogo wangu. Nani atajua?"

"Hii hapa itajua." Msusi alimnyooshea mikono. Kucha zilikuwa na udongo na vidole vina mikwaruzo, lakini ngozi ilikuwa nzima. "Itazame. Nikipuliza hiyo dawa yako nitakuwa nimeibeba saluni nikaileta shambani. Bora basi nirudi kule kule, angalau kuna redio."

"Na vidukari?"

"Nimewaosha kwa maji ya sabuni kulipopambazuka, shina kwa shina. Waliobaki wana wenyewe."

"Wenyewe gani?"

Akamshika mkono wa glovu, akamvuta mpaka dirishani. Tuta la mwisho liko chini ya dirisha hilo. Nikanyoosha shingo, bila kunyanyua kitu kingine chochote. Juu ya majani walikuwa wanatembea wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, mviringo kama vifungo vya shati, kila mmoja na kidukari chake mdomoni. Wiki iliyopita hawakuwepo.

"Dawa yako itaanza na hawa," Msusi alisema. "Halafu vidukari watarudi, wakute hakuna wa kuwala. Utakuwa unakuja na bomba lako kila Jumamosi mpaka uzeeke."

"Yule wa pembeni ameshalegeza mkanda," nikasema. "Ameshiba, anatafuta kijiti cha meno."

Safari hii Injinia alikaribia kucheka. Akajizuia, akavua glovu moja. Moja tu.

"Haya. Na akirudisha ndoo? Nijibu hilo. Akiingia hapa na lile kopo lako la rangi, Jumatatu utakuwa wapi?"

Msusi alikwenda kwenye meza ya maua yaliyokatwa, akachukua zinia nyekundu, akalitikisa. Lilisimama wima. Akapukutisha majani ya chini yasije yakaoza majini, akalitia kwenye ndoo, akashika jingine.

"Nitakuwa hapa hapa, nakata," alisema. "Kwani mji huu una ukumbi mmoja? Una mpambaji mmoja? Nitayabeba kichwani nibishe mlango kwa mlango. Kile kiti akikalie mwingine, kaka. Mimi nimekwisha inuka."

"Mama, umemsikia?"

"Nimemsikia. Ila mimi ni kizibo, na kizibo hakina maoni."

"Mama, acha utani! Wewe ndiye mzazi, hebu mwambie huyu mtoto wako kwamba—"

Mlango ukagongwa na kitu kizito. Mpambaji aliingia kinyumenyume, akiusukuma kwa mgongo kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa, na kwa muda huo wote hatukuona ila huo mgongo. Msusi alibaki ameshika ua hewani. Kisha yule mama akageuka. Kidevu chake kilikuwa kimeegemea mnara wa ndoo nyeupe, tupu, moja ndani ya nyingine.

"Hodi," alisema, akiwa ameshaingia. "Mbona kimya?"