Jiwe Walilosema ni Kaburi

Mwanangu alikufa maji akijifunza vita, na mwili wake haukupatikana. Naanza na hilo kwa sababu majirani zangu wa mtaa wa Pioneer hupenda kulizunguka. Huja dukani kwangu kununua sukari, wakaongea habari za mvua na bei ya mahindi, wakidhani nikilisikia nitavunjika. Sivunjiki. Nilishavunjwa mwaka wa vurugu za uchaguzi, nyumba yetu ya Burnt Forest ilipochomwa na viazi vikaivia ghalani kwa moto huohuo, nami nikajiunganisha upya mwenyewe.

Mume wangu hakuishi sana baada ya kutoka kambi ya waliofukuzwa. Hatukuwa tena na shamba la kumzika, tukamlaza kwenye makaburi ya umma, katikati ya watu asiowajua. Kwetu sisi, na kwa waliotufukuza pia, kaburi ndilo linalosema ardhi ni ya nani. Ofisi inaweza kupoteza faili, lakini kaburi halipotei. Kwa hiyo nilijua vizuri tulichonyang'anywa.

Kijana alipochukuliwa jeshini nilikasirika. "Hii nchi ilikuchomea nyumba," nikamwambia, "na sasa unaenda kuipigania?" Akacheka. "Mum, ni yangu pia. Nikiwaachia, si watakuwa wameshinda?"

Wakati huo jeshi letu lilikuwa limevuka mpaka kwenda kupigana, na makurutu walifunzwa mbiombio. Wakapelekwa kuvuka mto ng'ambo ya soko la Ziwa, msimu wa mvua, maji yamefura, mizigo mgongoni. Kamba ikakatika. Vijana saba wakaenda na maji. Mto uliwasukuma hadi kwenye kona ya shamba la mama mmoja mjane, aliyekuwa akikamua ng'ombe aliposikia makelele. Aliingia majini hadi kifuani. Akawavuta sita, akawalaza kwenye nyasi na kuwafunika kwa mablanketi ya nyumbani kwake. Wote walikuwa wamekwisha kufa. Wa saba, ambaye hakuonekana, alikuwa wangu.

Wakubwa wa jeshi walitukabidhi bendera zilizokunjwa na pole nyingi. Tulipouliza habari za ukumbusho, tukaambiwa jambo hilo linashughulikiwa. Mkenya yeyote anajua maana ya kushughulikiwa. Familia tukachanga wenyewe, mjane akatupa nafasi kando ya mto, na fundi kutoka Pioneer akaja na saruji yake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fundi yule alikuwa amezoea kujenga makaburi. Badala ya kusimamisha jiwe tu, alimwaga kitanda kirefu cha saruji, akainua upande wa kichwani, akachora hapo majina yote saba. Nami nikapanda itoka kwenye pembe zake nne, lile ua ambalo marehemu mama yangu alilipenda kwa kuwa halifi hata likikanyagwa na ng'ombe. Sikukumbuka kwamba sisi Wakikuyu tangu zamani tunapanda itoka mpakani, kati ya shamba na shamba. Majirani wa mjane, Wanandi, walikumbuka. Wameishi nasi miaka mingi, wanaijua mimea yetu kuliko watoto wetu.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, viongozi wa pande zote mbili walishikana mikono jukwaani wakacheza. Huku chini hatukucheza. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, na sote tulikuwa tumeumwa. Maneno yakasambaa kwamba watu wa Burnt Forest wamezika mtu ng'ambo ya Ziwa na kuweka mpaka. Chifu wa huko akanipigia simu.

"Mama, people are tense," akasema. "Wacha tutoe hiyo kitu, tuipeleke kanisa huko town. Uchaguzi ikiisha tutaona."

Hata pasta wangu aliona ni shauri zuri. Nilimwuliza kama mwanangu alizama kanisani. Si mtu mbaya, ni mwoga tu.

Nikaenda mtoni mwenyewe. Nilikuta kikao kwenye nyasi: chifu, wazee wa ukoo, mjane, na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye alikuja na mtaimbo. Sikuwasalimu. Niliyang'oa yale maua yote mbele yao, na mizizi yake, nikayatupa majini.

"Maua yangu yamewakosea, nimeyatoa," nikasema. "Jiwe halijamkosea mtu."

"Mama, hatuna ubaya na wewe," shemeji akajibu. "Lakini hii ni kaburi, na kaburi ni kama title deed. Leo ni simiti, kesho wajukuu wako watakuja hapa na lawyer."

"Hakuna mtu ndani."

"Sasa kaburi bila mtu ni ya nini, kama si ya shamba?"

Neno hilo lilinichoma kuliko moto wa Burnt Forest. Nililia, na nilikuwa nalia kwa hasira. Nikaketi juu ya saruji, chini ya jina la mwanangu, nikamwambia aanze na mimi kwa mtaimbo wake. Hakuna aliyesogea. Chifu akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake.

Ndipo mjane akasimama. Aliwaambia jambo kwa Kinandi, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili nami nisikie.

"Mnasema ni kaburi. Sawa, ni kaburi. Iko kwa shamba yangu, so ni ya boma yangu. Hawa niliwatoa kwa maji na hii mikono. Niliwafunika na blanketi ya bwana yangu. Huyo mmoja hakutoka, bado yuko kwa mto yangu. Wote saba ni watoto wa hii boma. Nani hapa atavunja kaburi ya mtoto wa ndugu yake?"

Wazee wakatazamana. Kuvunja kaburi la nyumba yenu ni kujitafutia laana, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Shemeji aliulaza mtaimbo chini polepole.

Mzee mkubwa kuliko wote akanigeukia. "Na wewe, Mama, umekubali? Kijana awe wa hii boma?"

Nilielewa nilichokuwa nikiulizwa. Nikikataa, jiwe litang'olewa. Nikikubali, namtoa mwanangu wa pekee kwa watu ambao miongoni mwao walitoka waliotuchomea nyumba. Nilimtazama mjane. Alikuwa wapi mwaka ule wa vurugu, sijui, na sijawahi kumwuliza. Najua alikokuwa siku ya mto.

"Awe," nikasema. "Lakini jina la baba yake halitoki hapo, hata herufi moja."

"Haitatoka," mzee akasema. "Na wewe sasa utakuwa nani hapa?"

"Mama yake. Nitakuja siku yoyote nikitaka, uchaguzi uwepo usiwepo, na hakuna mtu ataniuliza nimetoka wapi."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nilikuwa nimeomba ruhusa.